Mitandao ya posti fupi: waliokufa, waliobaki, na swali la wapi tuandike

SEHEMU YA 1: Uzi uko wapi?

Leo siongelei chanjo wala presha. Naongelea historia, na naomba mnivumilie kwa sehemu 8, maana mwisho wake unagusa afya zenu pia. Andaa chai, shuka nami taratibu.

Mlionifuata siku nyingi mnakumbuka nilikuwa na akaunti nyingine, kwenye jukwaa ambalo sitalitaja. Nilikuwa naandika pale nikitoka zamu za usiku, kabla usingizi haujanibeba. Uzi uliosomwa kuliko zote ulikuwa wa dalili za hatari kwa mjamzito: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kutokwa damu, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kitu cha kawaida kabisa, tunakifundisha kliniki kila asubuhi.

Usiku mmoja dada wa mkoani akaniandikia. Mimba ya miezi saba, kichwa kinampasuka tangu asubuhi, uso umevimba, mama mkwe anamwambia ni uchovu tu apumzike. Alikuwa amesoma ule uzi. Nikamjibu: usisubiri kukuche, nenda hospitali sasa hivi. Akaenda. Presha ilikuwa juu vibaya. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, ila leo anatembea, na mama yake yupo.

Miezi michache baadaye akaunti ile ikaibiwa. Mwizi akabadilisha namba na barua pepe, akaanza kutangaza mambo ya kupanda mbegu ya hela, mwishowe akaunti ikafungwa kabisa. Niliomba msaada mara nne, nikajibiwa na mashine mara nne. Miaka mitatu ya kuandika ikaondoka hivyo hivyo. Wiki iliyofuata mtu ananiuliza WhatsApp: "Dada nesi, ule uzi wa wajawazito uko wapi? Shemeji yangu ana hizo dalili."

Nilimpigia, nikamweleza kwa mdomo. Lakini swali lake halikuniacha. Uzi uko wapi? Ndo nikaanza kusoma historia ya hii mitandao ya kuandika kwa kifupi: ilitoka wapi, ipi imekufa, ipi imebaki, na mtu akitaka maneno yake yadumu ayaweke wapi. Nilichokuta nawaletea.


SEHEMU YA 2: Yote yalianza na SMS

Wodini tukibadilishana zamu hatuhadithiani. Kitanda namba fulani, ana nini, kapewa nini, kimebaki nini. Nesi anayeongea sana wakati wa kukabidhi anaweza kumficha mgonjwa mahututi katikati ya maneno. Kwa hiyo mimi sijawahi kuidharau posti fupi. Ufupi ukitumika vizuri unaokoa.

Ufupi wa mitandao hii ulitoka kwenye simu. Miaka ya 1980 Mjerumani aitwaye Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliokuwa wakipanga mfumo wa simu za mkononi wa Ulaya, alikaa na mashine yake ya kupiga chapa, akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi. Akaona sentensi nyingi zinaisha kabla ya herufi 160. Tarehe 3 Desemba 1992 kijana Neil Papworth akatuma SMS ya kwanza kule Uingereza, ya kumtakia mtu heri ya Krismasi.

Sasa turuke hadi San Francisco, mwaka 2006. Kulikuwa na kampuni ndogo, Odeo, iliyojishughulisha na podikasti. Mwaka mmoja kabla, Apple ilikuwa imeziweka podikasti ndani ya iTunes, yaani duka kubwa limefunguliwa mlangoni kwa mwenye genge. Odeo wakaanza kutafuta wazo jingine. Jack Dorsey akaja na wazo la mtu kutuma SMS moja kusema yuko wapi na anafanya nini, na marafiki zake wote wakaipata. Alishirikiana na Noah Glass, Biz Stone na Evan Williams. Twiti ya kwanza ilitoka tarehe 21 Machi 2006, na Julai mwaka huo watu wote wakafunguliwa mlango.

Kwa nini herufi 140 na siyo 160? Kwa sababu herufi 20 ziliachwa kwa ajili ya jina la mwandishi, ili yote yaingie kwenye SMS moja. Basi. Halikuwa jambo la falsafa, lilikuwa hesabu ya vocha.

Machi 2007 kwenye tamasha la South by Southwest, Austin, Texas, Twitter waliweka skrini kwenye korido, watu wakawa wanaona twiti za wenzao zinapita. Pale ndipo jina liliposambaa.

Kuna kitu kingine nataka mkishike, maana kitarudi. Vitu vingi tunavyoviita vya Twitter havikubuniwa na kampuni. Alama ya reli ilipendekezwa na mtumiaji, Chris Messina, Agosti 2007. Miezi miwili baadaye moto ulipoteketeza maeneo ya San Diego, watu wakaitumia kupeana taarifa. Kumjibu mtu kwa alama ya @ na kurudia twiti ya mwenzako vilianza pia kwa watumiaji, kampuni ikavichukua baadaye. Wapangaji ndio waliojenga vyumba, mwenye nyumba akaweka milango.


SEHEMU YA 3: Wapinzani waliokuwa bora wakafa

Wengi tunadhani Twitter ilikuwa peke yake mwanzoni. Hapana. Ilikuwa na wapinzani, na baadhi walikuwa wazuri kuliko yenyewe.

Finland kulikuwa na Jaiku, ya mwaka 2006 pia, ya Jyri Engeström na Petteri Koponen. Jaiku iliweza kukusanya mambo yako ya sehemu nyingine na kuyaweka kwenye mfululizo mmoja, na ilikaa vizuri kwenye simu za wakati ule. Google wakainunua Oktoba 2007. Watu wakasema sasa Twitter imekwisha. Badala yake Jaiku ndiyo iliyosahaulika ndani ya nyumba kubwa, na Januari 2012 ikazimwa.

Marekani kulikuwa na Pownce, iliyoanza Juni 2007, ya Kevin Rose, Leah Culver na wenzao. Pownce ilikuwezesha kumtumia rafiki faili, kitu ambacho Twitter haikuwa nacho. Desemba 2008 ikafungwa. Watumiaji walipewa wiki mbili tu kutoa maandishi yao, na moja ya sehemu walizoelekezwa kuyahamishia ni blogu za Vox. Vox nayo ikafungwa mwaka 2010. Fikiria mtu aliyehama mara mbili, akabomolewa mara mbili.

Na Twitter yenyewe wakati huo ilikuwa inaanguka kila mara. Mwaka 2008 watumiaji walikuwa wanakutana na picha ya nyangumi anayebebwa na ndege, maana yake mtambo umezidiwa. Sasa kwa nini yenye hitilafu ilishinda zilizokuwa nzima? Kwa sababu watu walikuwa tayari wako pale. Ni kama kituo cha daladala. Unaweza kujenga kituo kizuri chenye paa na viti mtaa wa pili, lakini kama magari hayasimami pale, abiria watabaki kwenye jua walikozoea.

Mwaka 2012 ikaja App.net, yenye wazo la heshima kabisa: mtumiaji alipe dola 50 kwa mwaka, asiletewe matangazo, asiuzwe kwa watangazaji. Walioielewa waliipenda. Lakini wangapi wanaweza kulipa dola 50 kukaa sehemu ambayo shangazi yao hayupo? Machi 2017 ikafungwa.

Kuna marehemu mmoja ambaye watengeneza maudhui hawatakiwi kumsahau: Vine, ya video za sekunde 6. Twitter iliinunua mwaka 2012 na kuizindua Januari 2013. Vijana wakawa mastaa kwa sekunde 6 tu. Lakini ndani ya Vine hapakuwa na njia ya maana ya kulipwa, wakubwa wakahamia YouTube na Instagram, mashabiki wakawafuata. Oktoba 2016 ikatangazwa kwamba inafungwa. Watumiaji wa kawaida huondoka kwa kuwafuata rafiki zao. Watengeneza maudhui huondoka kwa kufuata hela. Jukwaa linalopuuza kundi moja litapoteza yote mawili.


SEHEMU YA 4: Herufi 140 za nani?

Kuna jambo sisi wasema Kiswahili tulilipata shida kimya kimya. Herufi 140 siyo sawa kwa kila lugha.

China, Twitter ilifungiwa Juni 2009. Mtandao wa kwao uliofanana nayo, Fanfou, ukafungwa Julai mwaka huo huo baada ya machafuko ya Urumqi. Mwezi uliofuata kampuni ya Sina ikaanzisha Weibo, nayo kwa herufi 140. Lakini herufi moja ya Kichina inaweza kuwa neno zima. Kwa hiyo Mchina kwa herufi 140 anakuhadithia kisa chote na salamu juu.

Sasa njoo kwetu. Neno "tutakapowapelekea" peke yake lina herufi 17. Ni neno moja tu! Mimi nilijaribu kuandika jinsi ya kumpa mtoto maji ya ORS ndani ya herufi 140, kila nikimaliza kipimo cha maji, nafasi ya kusema lini umkimbize hospitali imekwisha. Ukikata neno unabadilisha maana, na kwenye dawa kubadilisha maana siyo mchezo. Wengi tulijikuta tunaandika "xaxa", "cjui", "2naomba". Watu wakasema vijana wanaharibu lugha. Kwa sehemu ilikuwa hesabu ya herufi tu.

Twitter waliona tatizo hilo wenyewe. Mwaka 2017 walisema twiti za Kiingereza zinazogonga ukomo ni asilimia 9, wakati za Kijapani ni asilimia 0.4 tu. Novemba mwaka huo wakapandisha hadi 280 kwa lugha nyingi, wakaviacha Kichina, Kijapani na Kikorea kama vilivyokuwa. Kwetu ilikuwa kama kuongezewa kitanda wodini.

Na mnakumbuka jingine? Ulikuwa unaandika Kiswahili safi, mashine inakwambia "imetafsiriwa kutoka Kiindonesia". Mwaka 2018 watu wa huku wakapaza sauti kwa alama ya reli, #SwahiliIsNotIndonesian. Unacheka, lakini kama mashine haijui unaongea lugha gani, itaujuaje uongo unaosambazwa kwa lugha hiyo? Mtu anaandika dawa ya kienyeji inayoua figo, na mlinzi wa jukwaa anaisoma kama shairi la Jakarta.


SEHEMU YA 5: Umati una nguvu, na ufunguo una mwenyewe

Hapa Afrika Mashariki wa kwanza kuonyesha nguvu ya posti fupi ni majirani zetu Wakenya. Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Obama, CNN waliielezea nchi yao kana kwamba anakwenda kwenye kitovu cha ugaidi. Wakenya wakaingia na #SomeoneTellCNN, hawakulala. Mwezi uliofuata bosi wa CNN, Tony Maddox, alipanda ndege hadi Nairobi kuomba radhi. Juni 2024 vijana walipopinga Muswada wa Fedha walijipanga kwenye mitandao, na tarehe 5 Julai Rais Ruto mwenyewe akaingia kwenye mazungumzo ya sauti ya X kujibu maswali yao. Mtu ambaye asingepata nafasi hata ya kufika getini Ikulu aliongea na rais akiwa kitandani kwake.

Lakini nguvu hiyo iko nyuma ya mlango, na mlango una funguo mbili. Moja anayo mwenye kampuni, nyingine anayo mwenye nchi.

Uganda, Julai 2018, ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Nigeria, Juni 2021, baada ya Twitter kufuta twiti ya Rais Buhari, serikali iliifungia Twitter hadi Januari 2022, zaidi ya miezi 7. Serikali ikafungua akaunti Koo, mtandao wa Kihindi ulioanza 2020. Koo ilionekana kama imeokota dodo chini ya mnazi. Je, Wanigeria wengi walihamia? Hapana, wengi walitumia VPN kurudi kule kule walikozoea. Na Koo yenyewe ikafungwa Julai 2024.

Brazil ni kinyume chake. Tarehe 30 Agosti 2024 Jaji Alexandre de Moraes wa Mahakama Kuu aliamuru X ifungiwe, ikafunguliwa Oktoba 8. Safari hii kulikuwa na adhabu ya faini kwa wanaozunguka kwa VPN, na kulikuwa na nyumba nyingine tayari ina taa na maji, Bluesky. Mamilioni ya Wabrazili wakahamia ndani ya siku chache.

Hapa kwetu mnajua wenyewe. Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi Twitter ilibanwa, Oktoba 2023 TCRA ikataka watumiaji wa VPN wajisajili, na Mei 2025 X ikazimwa kwenye mitandao ya simu. Sitaki kubishana siasa hapa. Naongea kama mtu anayetoa elimu ya afya: ukiweka dawa zote kwenye kabati moja lenye ufunguo mmoja, siku mwenye ufunguo akisafiri, mgonjwa wako anateseka.


SEHEMU YA 6: Siku insulini ilipotangazwa ni bure

Tarehe 27 Oktoba 2022 Elon Musk alikamilisha kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Julai 2023 ikabadilishwa jina, ikawa X.

Kati ya hapo kuna siku moja ambayo kila mtu wa afya angeifahamu. Zamani tiki ya bluu ilikuwa inamaanisha jukwaa limehakiki kwamba huyu ni yeye. Novemba 2022 tiki ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Tarehe 10 Novemba mtu akafungua akaunti yenye jina na nembo ya Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akalipia tiki, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure.

Haikuwa kweli. Ilibidi kampuni yenyewe ijitokeze kuwaomba radhi watu waliopotoshwa, na kesho yake thamani ya hisa zake ikashuka. Wachekeshaji walifurahi, kwa sababu bei ya insulini kule Marekani ni kilio cha siku nyingi. Mimi nilimfikiria mgonjwa wa kisukari aliyebakiza chupa ya mwisho, akasoma ile posti saa mbili usiku.

Jamani, hili ndilo nalotaka tulielewe. Alama ya kuaminika ikishauzwa, kazi ya kuhakiki inahamia kwako msomaji. Tiki ya leo kwenye X inakwambia mtu amelipa. Haikwambii amesoma. Kwa hiyo ukikuta "Daktari Fulani" ana tiki na anauza dawa ya kuzibua mirija kwa njia ya M-Pesa, tiki yake isikutishe. Muulize anafanya kazi wapi, na amesajiliwa na baraza gani.


SEHEMU YA 7: Nyumba mpya zilizobaki

Baada ya mauzo yale watu wengi walitafuta pa kuhamia. Vibanda vingi vilijengwa, vingine havikumaliza hata miaka miwili. Pebble ilifungwa mwishoni mwa 2023, Post News ikafuata 2024. Zilizosimama ni tatu. Nazieleza kwa ulinganifu na X.

MASTODON. Ilianzishwa 2016 na Eugen Rochko, Ujerumani. Siyo kampuni moja. Ni seva nyingi zinazoongea lugha moja, kama barua pepe: wewe uko seva hii, mimi ile, tunasomana. Hakuna matangazo, hakuna mashine inayokuchagulia, posti zinakuja kwa mpangilio wa muda, na unapata herufi 500. Ukihama seva unaweza kuwachukua wafuasi, ila posti za zamani zinabaki kule. Ugumu wake ni mlangoni: mtu anaambiwa achague seva kabla hajasalimia, wengi wanageuza. Na mwenye seva akichoka, anaweza kuifunga.

THREADS. Ya Meta, ilizinduliwa tarehe 5 Julai 2023, ikapata watu milioni 100 ndani ya siku 5. Siri yake siyo uchawi, unaingia kwa akaunti yako ya Instagram na wafuasi unaowajua wanakuja nawe. Herufi ni 500. Ila mwanzoni ukitaka kufuta Threads ilibidi ufute na Instagram yako, kitu walichokuja kukirekebisha miezi michache baadaye. Na Adam Mosseri, aliyekuwa bosi wake wakati ule, alisema mapema kwamba hawatazipigia debe siasa na habari nzito. Kwa mapishi, mavazi na malezi ya watoto, pamechangamka.

BLUESKY. Wazo lilitangazwa na Jack Dorsey yule yule, Desemba 2019, akiwa bado Twitter. Baadaye ikawa kampuni inayojitegemea chini ya Jay Graber, na Februari 2024 ikafunguliwa kwa wote bila mwaliko. Kufikia Novemba 2024 ilivuka watumiaji milioni 20. Herufi 300. Unaweza kuchagua mwenyewe mpangilio wa posti unaoutaka, badala ya kupangiwa na mwenye nyumba. Na muundo wake unakusudia mtu aweze kuhama na akaunti yake na posti zake. Udhaifu wake kwetu ni ule wa kituo cha daladala: ukiandika Kiswahili pale, mara nyingi unaongea na ukuta.

X. Herufi 280 kwa asiyelipa, posti ndefu kwa anayelipa. Mazungumzo ya sauti bado yana nguvu, wanahabari na wanasiasa bado wako pale, na Wakenya wako pale. Unaweza kupakua nakala ya posti zako, lakini wafuasi huwachukui.

Sitawaambia ipi ni nzuri kuliko zote, kwa sababu swali hilo halina jibu bila kujua wewe ni nani. Msomaji anayetaka habari za sasa hivi, X. Anayetaka utulivu na kuongea na watu wa fani yake, Mastodon au Bluesky. Anayetaka ndugu na jamaa bila kuanza moja, Threads.


SEHEMU YA 8: Hela, na mahali nilipoamua kuandika

Watengeneza maudhui, sasa nawajibu ninyi. Mnaniuliza sana, "dada, hapo unalipwa?"

X ilianza Julai 2023 kuwagawia waandishi sehemu ya mapato ya matangazo. Masharti yake ya mwanzo: uwe unalipia huduma yao kila mwezi, uwe na wafuasi wasiopungua 500, na posti zako zionekane mara milioni 15 ndani ya miezi 3, baadaye wakashusha hadi milioni 5. Novemba 2024 wakabadilisha tena, malipo yakategemea namna watumiaji wanaolipia wanavyojihusisha na posti zako. Mastodon na Bluesky hazigawi hela za matangazo. Threads ilijaribu bonasi kwa waliochaguliwa tu.

Angalia ule utaratibu wa milioni 5 unafundisha nini. Mtu anayeandika "nyonyesha maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo" hapati watu milioni 5. Anayeandika "madaktari wanakuficha hili" anawapata. Hela ikifuata macho, uongo una mbio kuliko ukweli, maana ukweli una masharti: kwa mgonjwa huyu, kwa kipimo hiki, baada ya vipimo vile. Sisemi kila anayelipwa ni muongo. Nasema jueni hela inavuta upande gani, kabla hamjajilaumu kwamba posti zenu nzuri hazisomwi.

Na hata ulipotaka kuwaelekeza watu kwenye ukurasa wako mwenyewe, ukiweka kiungo ndani ya posti ya X, posti hiyo ilikuwa inasukumwa chini. Musk alikubali hivyo mwaka 2024. Mwenye nyumba hapendi wageni wake watoke nje.

Basi, nimejifunza nini kwenye historia yote hii? Jaiku, Pownce, Vine, App.net, Koo: wote walikuwa na watu walioweka maneno yao pale wakidhani patakuwepo kesho. Kwenye mtandao sisi ni wapangaji. Mpangaji mwenye akili analipa kodi, anaishi vizuri na majirani, lakini hati zake hazihifadhi chini ya godoro la mwenye nyumba.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya, na wewe unaweza kuiga:

1. Kila uzi nauandika kwanza kwenye daftari na kwenye faili la simu, ndipo naupandisha. Nakala moja iko kwenye barua pepe yangu, nyingine kwenye flashi nyumbani.

2. Naweka uzi ule ule sehemu zaidi ya moja. X kwa sababu umati uko pale, Threads kwa sababu akina mama wengi wako Instagram, na Bluesky kwa akiba, hata kama naongea na ukuta. Pia nawatumia WhatsApp wanaoomba, kwa maandishi, siyo video, ili hata mwenye bando la kuungaunga ausome.

3. Akaunti zote nimezifunga kwa uthibitisho wa hatua mbili. Nilijifunza kwa kuumia, wewe jifunze bure. Fanya leo, itakuchukua dakika 5.

4. Mwisho wa kila uzi wa afya naandika lini uache kusoma na uende kituo cha afya. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kuandika, siyo ya kubana herufi zikibaki.

Ule uzi wa dalili za hatari nimeuandika upya. Haufanani na wa kwanza, mengine nimeyasahau, mengine nimeyaeleza vizuri zaidi. Tena yule dada wa mkoani ndiye aliyenisaidia, alikuwa amepiga skrinshoti za posti sita za mwanzo usiku ule akiwa kwenye bodaboda anaelekea hospitali. Alizihifadhi. Jukwaa halikuzihifadhi, yeye ndiye aliyezihifadhi.

Nimeupandisha chini ya posti hii. Usiishie kuupenda. Upige skrinshoti, mtumie dada yako, wifi yako, jirani mjamzito. Siku jukwaa hili nalo likizimwa, mtu akiuliza uzi uko wapi, uwe kwenye simu yako.

Nawasilisha. Maswali karibuni, nitajibu kesho nikitoka zamu ya usiku.